Mstari wa Ishirini na Tatu

"Basi sema mbele ya watu, Mama Lubna. Usiku anaweka kichwa wapi?"

Wafa alikuwa amesimama kwenye baraza ya duka lake, mikono kiunoni, na sauti yake ilikwisha kuvuka barabara ikaingia kwa fundi viatu, kwa muuza mkaa, mpaka msikitini nyuma. Ng'ambo, kwenye mlango wake wa bati, Sijaona hakuwa hata ameweka chini mwiko. Mtaa mzima wa Buyenzi ulimwita Mama Lubna, kwa jina la binti yake mkubwa, na mwezi ule wa Septemba jina hilo lilikuwa limebandikwa kila nguzo: alikuwa anagombea ushefu wa karitie, uongozi wa mtaa.

"Anaweka kichwa anapoweka," alijibu. "Tumbo analeta kwangu."

Watu wakacheka. Wafa alingoja wamalize.

"Mi sijauliza tumbo. Kaye ya menaji haiandikwi matumbo."

Mtu waliyekuwa wakimgombania alikaa katikati yao, juu ya kreti ya chupa, kofia gotini, akitazama mfereji kama vile walikuwa wanamsema mwingine. Muzee Ildephonse alikuwa zamu, mlinzi wa usiku, wa duka la Wafa. Kwa miaka kumi alilala kwenye baraza ile, mgongo umeegemea mlango wa chuma, ufunguo wa kofuli umefungwa kwa kamba kiunoni. Na kwa miaka kumi, adhana ya adhuhuri ikilia, alivuka barabara akala kwa Sijaona.

Ugomvi uliletwa na ukuta wa shule. Asubuhi ile walikuwa wamebandika orodha ya wapiga kura, nyumba kwa nyumba, kama zilivyoandikwa kwenye kaye. Kila nyumba ya Bujumbura ilikuwa na kaye yake, daftari la majina ya wanaokaa humo, umri wao, kazi yao, na undugu wao na mwenye nyumba, na chini yake kashe, yaani muhuri, ya shefu wa karitie. Katika miaka ile ya vita askari wakija alfajiri kuhesabu vichwa, waliomba hiyo kwanza. Aliyemo ni mtu wa hapo. Asiyemo alipanda lori. Sasa kwenye orodha ya shule nyumba nyingine zilikuwa na majina sita, saba. Ya Sijaona ilikuwa na ishirini na tisa. Wafa aliyasoma kwa kidole, na kwenye mstari wa ishirini na tatu akakuta zamu wake.

"Umemwandika mjomba," alisema. "Mjomba! Toka lini we na mutu wa milima ya juu ya Musaga mukawa na mjomba?"

"Toka siku alipokula ugali wangu."

"Kwa hiyo kila mwenye njaa anakupigia kura."

"Na we, Bi Wafa," Sijaona alisema, akashuka ngazi moja, "kama analala kwako miaka kumi, mbona kaye yako haina jina lake?"

 Wafa alikuwa mjane, mwanamke wa Kiarabu ambaye babu yake alifungua duka lile kabla hata barabara haijapewa namba, na watu walikuwa hawajazoea kumwona anatafuta neno.

"Zamu haandikwi," alisema mwishowe. "Nani anaandika kofuli?"

Walicheka wawili watatu tu. Muzee Ildephonse alivaa kofia yake, akainuka, akaenda kufagia mbele ya duka, mahali ambapo alikuwa amekwisha kufagia.

*

Ukweli ni kwamba Sijaona hakuiba kura ya mtu. Kosa lake lilikuwa la mapenzi na la majivuno, vyote pamoja, na pale mtaani hakuna aliyeliona kuwa kosa. Kwake, aliyekula kwenye sinia yake siku arobaini aliandikwa. Alimwita Lubna, kwa sababu Lubna ana mwandiko mzuri, jina likaingia, na safu ya undugu ikajazwa: mjomba, shangazi, binamu. Wa kwanza walikuwa Massoudi mume wake, watoto, mama mkwe, tisa kwa jumla, wanaolala mle kweli. Waliofuata ni fundi cherehani aliyekosana na mke wake, mjane wa kutoka Uvira, makuli wawili wa bandarini, binti aliyeolewa Mutanga Nord ambaye hakutaka kufutwa kwa sababu, alisema, akifutwa ataonekana kama amefukuzwa. Watu walipenda kuandikwa kwa Mama Lubna. Wengine walimkumbusha. Na shefu wa zamani, Hamimu, ambaye alikaa kiti kile miaka tisa, alipiga kashe kila ukurasa bila kusoma, huku akila.

Sasa Hamimu alikuwa mpinzani wake, na alikuwa amesoma.

Barua yake iliingia ofisi ya zoni kesho yake. Alisema watu ishirini wa nyumba ile wamo pia kwenye kaye za makwao, kwa hiyo watapiga kura mara mbili. Alisema sufuria ya mwanamke yule ni kampanye ya kununua watu. Vijana wake walipita na spika juu ya gari wakimwita Mama Masufuria, na jioni mtu alitundika sufuria lililotoboka kwenye mlango wa Sijaona, limeandikwa kwa mkaa PIGENI KURA HAPA.

Massoudi ndiye aliyelitoa. Alikuwa makanika, mtu wa maneno machache na mikono myeusi, na aliligeuza akalitazama tundu lake.

"Hili linazibika," alisema.

"Tupa," mke wake akamwambia.

"Mi nasema tu. We ulisema unataka mifereji isafishwe na watu wapewe atestasio zao za ukaazi bila kuhonga. Sasa kila siku tunazungumza Wafa na Hamimu. Mifereji iko wapi?"

 Sijaona alikuwa anahesabu kichwani ni nani amekuja kula mchana ule na nani hakuja. Fundi cherehani hakuja. Makuli hawakuja. Muzee Ildephonse alikuja, lakini alikula akiwa amesimama, karibu na mlango, kama mtu aliyeacha gari linanguruma.

*

Zoni waliwaita Jumanne, hadharani. Karani aliitwa Geneviève, mwanamke mwembamba mwenye miwani ya kamba, na aliweka meza barazani ili, alisema, mtu asije kusema kesho kwamba mambo yalipikwa ndani. Mbele yake palikuwa na kaye ya Sijaona, rula na kalamu nyekundu. Uwanja ulijaa. Hamimu alikaa mstari wa mbele, kanzu imepigwa pasi, miguu imepishana. Wafa alisimama nyuma, kwenye kivuli cha ukuta, kama aliyepita tu.

Geneviève alieleza mara moja, na polepole. Kila jina litasomwa. Kama mtu halali nyumbani kwa Mama Lubna, Mama Lubna mwenyewe atapiga mstari. Akikataa jina moja, yeye anatoka kwenye orodha ya wagombea.

Mwanzo ulikuwa mwepesi, hata watu walitania. Fundi cherehani alipoitwa, mtu alipaza sauti kwamba mke wake amemrudisha, futa. Binti wa Mutanga Nord alilia kidogo, akafutwa. Mjane wa Uvira aligeuza uso pembeni. Kila mara Sijaona aliweka rula, akavuta mstari mwekundu, na kila mara Hamimu aliinamisha kichwa kwa adabu, kama mtu anayepokea salamu. Wote hao walikuwa na kaye nyingine mahali. Ilikuwa aibu tu, na aibu huisha.

"Ishirini na tatu," Geneviève alisoma. "Ildephonse. Mjomba."

Mzee alisogea mbele. Alikuwa ameazima koti.

"Unalala wapi, muzee?"

"Barazani, mama. Kwa duka la Bi Wafa."

"Una karte ya identite?"

"Iliungua mwaka wa tisini na tano, pamoja na nyumba. Ofisi ya komini nayo iliungua. Nilienda mara mbili kuomba nyingine, wakasema lazima mutu wa kwetu anishuhudie. Na kwetu hakuna mutu."

"Kuna karatasi nyingine yoyote yenye jina lako?"

Alifikiri, akanyoosha kidole mezani. "Hiyo."

 Kila mmoja pale alijua lori linakuja saa ngapi na linabeba nani. Waasi walikuwa bado milimani, na mwanamume wa milimani asiye na karatasi hakuulizwa maswali mengi.

Sijaona aliweka rula, halafu akaiinua tena. Alimtafuta Wafa kwa macho mpaka akampata kivulini.

"Bi Wafa. Mwandike kwako. Leo, sasa hivi, mi nifute na we uandike. Ni mutu wako wa kazi."

Vichwa vyote viligeuka. Wafa alishika ncha ya mtandio wake.

"Mi ni mwanamke peke yangu na duka," alisema. "Nikimwandika, kesho wakikuta bunduki milimani yenye jina lake wataniuliza mi. We ulimwita mjomba. Kaa na mjomba wako."

Hamimu alikohoa. Geneviève alitazama saa yake, si kwa ubaya, akasema kwamba Mama Lubna ana haki ya kukataa, na yeye ataandika kwamba amekataa, na orodha ya wagombea itafungwa saa sita.

Sijaona aliona, kwa wakati ule mfupi, vitu vingi: spika juu ya gari, sufuria mlangoni, wanawake wa mtaa waliomwambia safari hii ni wewe, Hamimu akirudi kwenye kiti kile na kashe yake kwa miaka mingine mitano. Aliinama kwa mzee, akasema kwa sauti ya chini, ingawa waliokuwa karibu walisikia:

"Muzee, ni wiki mbili tu. Nikishinda kashe itakuwa yangu. Nitakuandika mi mwenyewe, ukurasa wa kwanza."

Ildephonse alikuwa bado anaitazama kaye.

"Futa, mama," alisema. "Usichelewe saa sita."

Akafuta. Mstari ulitoka umenyooka vizuri.

*

Baada ya hapo Muzee Ildephonse hakuja tena kula. Adhana ya adhuhuri ililia na mzee alibaki kwenye kreti yake. Siku ya kwanza Sijaona alidhani ni haya, akamtuma Lubna na sahani imefunikwa. Sahani ilirudi vilevile, ugali umekauka pembeni, na juu yake mzee alikuwa ameweka kitambaa kilekile, amekikunja upya kwa makini. Siku ya pili pia. Siku ya tatu Massoudi alimwambia mke wake aache, anamfanya mzee aonekane na kila mtu.

Kampanye iliendelea. Alizunguka nyumba kwa nyumba na Lubna, akakaribishwa chai sehemu nyingi, na sehemu nyingi akaulizwa, kwa tabasamu, kama leo amekuja kuwaandika au kuwafuta.

Askari walikuja siku nne kabla ya kura, kabla ya adhana ya alfajiri. Walianzia msikitini wakapanda barabara, mlango kwa mlango, kaye kwa kaye. Kwa Sijaona walihesabu tisa, wakakuta tisa, wakamsifu. Ng'ambo walimulika tochi barazani. Wale waliochungulia kwenye matundu ya bati wanasema mzee hakubishana. Aliomba kitu kimoja: wamruhusu afungue kamba kiunoni. Alipita dirishani kwa chumba cha Wafa, akagonga, akaingiza ufunguo kati ya nondo, akasema, "Bi Wafa, ufunguo huu. Kofuli la chini linataka kusukumwa kidogo." Halafu akapanda lori na wengine, kofia mkononi.

Kulipokucha nyumba ya Sijaona ilijaa, kwa mara ya kwanza tangu siku ya rula. Hawakuja kula. Walikuja kuona atafanya nini. Mmoja alisema wamepelekwa kituoni, brigedi ya chini, mwingine alisema apana, wamekwisha kupelekwa mbali. Na mmoja, ambaye alijulikana kuwa wa Hamimu, alisema bila kuulizwa kwamba kandida atakayekwenda kumdai mutu wa milima, yeye mwenyewe kura zake ni za waasi, na spika iko tayari garini.

Massoudi alinawa mikono, akavaa shati safi. "Mi naenda."

"Ukienda we, nimekwenda mi," Sijaona alisema.

"Njo maana naenda."

"Massoudi. Siku nne. Nikishatangazwa nitakwenda kama shefu, watanisikiliza. Leo nikienda ni mwanamke na sufuria yake."

Massoudi alimtazama kwa muda mrefu. Miaka ishirini na tano waliyokaa pamoja hakuwa amemtazama vile. Halafu akavua shati safi, akavaa la kazi, akaenda gereji, na siku nzima mtaa ulimsikia akipiga chuma ambacho hakikuhitaji kupigwa.

Duka la Wafa halikufunguliwa asubuhi ile. Watu walidhani anaogopa. Kumbe alikuwa amevaa buibui, ametoa kaye yake kwenye kabati, na ameandika jina kwa mkono wake mwenyewe, mkono wa kuandikia bei. Alikwenda kwanza kwa Hamimu, kwa sababu kashe ilikuwa bado kwake. Hamimu alikuwa anakunywa chai na watu wake. Alimwambia, dada yangu, siku hizi nne siwezi kupigia kashe mutu asiyejulikana, elewa siasa. Wafa alimkumbusha kwamba miaka tisa amepiga kashe karatasi asizozisoma, na mbili kati ya hizo ni za kontena la Wafa mwenyewe, lile alilolilaza juu ya mfereji. Hamimu alisema hilo ni jambo lingine. Wafa alimmwagia chai ile kanzuni, na hilo mtaa ulilijua kabla hajafika mlangoni.

Alikwenda brigedi bila kashe. Alisimama langoni toka saa tatu mpaka saa tisa, kwenye jua, na kila ofisa aliyetoka alimfungulia kaye.

"Huyu ni mutu wangu. Analala kwangu. Mi njo nimekosea kuchelewa kumwandika. Mukitaka kufunga mutu, nifungeni mi kwa uvivu."

Walimwambia wino bado mbichi. Alisema ndiyo, na mzee bado mzima, nipeni kabla haujakauka. Saa tisa na nusu wakampa, kwa masharti: ndani ya siku kumi kaye irudi na kashe ya shefu, yeyote atakayekuwa.

Walirudi kwa miguu, Wafa mbele, mzee nyuma akichechemea. Hakuna aliyewasimamisha. Sijaona aliwaona kupitia tundu la bati lake. Alikuwa na bango mkononi lenye picha yake, na gundi ilikuwa imeanza kumkaukia vidoleni.

*

Alishinda kwa kura arobaini na moja. Watu waliokuwa wa Hamimu walimwacha kwa ajili ya chai na kanzu, kwa ajili ya mzee aliyenyimwa kashe, na wote wanaojua kuhesabu walijua kwamba kura zile Sijaona hakuzipika yeye. Hata hivyo walipiga vigelegele. Geneviève alimkabidhi kashe ndani ya kisanduku cha mbao, pamoja na kidau cha wino, akamtakia kazi njema.

Siku ya kwanza ya kiti chake alipika isombe na ndagala, sufuria kubwa, kama zamani. Adhana ililia. Alitandika mkeka, akaweka sinia, akafungua mlango wa bati mpaka mwisho. Walipita watu. Walimsalimia vizuri sana, "Shefu, shefu," wakaendelea na safari zao. Fundi cherehani alisema amekwisha kula. Makuli walisema wana haraka.

"Tule sisi," alisema Massoudi.

Walikula tisa. Sufuria halikushuka hata robo.

Kaye ya Wafa haikuletwa siku ile, wala ya pili, wala ya tatu. Mtaa mzima ulileta kaye zake, wenye haja na wasio na haja, lakini ile haikuvuka barabara. Siku ya tisa tangu brigedi, Sijaona alielewa kwamba haitaletwa. Adhuhuri alifunga kisanduku chake kwenye kanga, akavuka mwenyewe, watu wakimwona.

Wafa alikuwa na mteja. Alimpimia misumari, akamfungia, akampa chenji, akazungumza naye habari za mtoto wake aliye Kigoma. Akaja mteja wa pili. Sijaona alisimama karibu na kreti, na kreti ilikuwa tupu.

"Bi Wafa," alisema wateja walipokwisha. "Kesho ni siku ya kumi."

"Najua kuhesabu."

"Lete nipige."

"Kaye iko ndani."

Alimfuata nyuma ya duka, kwenye chumba ambacho, kwa miaka yote ya ujirani, hakuwahi kuingia. Mkeka ulikuwa umetandikwa chini. Palikuwa na wali, samaki mukeke wa kukaanga, ndimu, na Muzee Ildephonse ameketi na mkono wa kulia umeoshwa, koti la kuazima halipo, shati ni la marehemu mume wa Wafa. Alipomwona Sijaona alianza kuinuka. Wafa alimwambia akae.

Kaye ilikuwa juu ya friji. Sijaona aliifungua akiwa amesimama. Majina yalikuwa matatu: Wafa, mtoto wake wa Kigoma, na chini yao, kwa herufi za bei, Ildephonse. Alitazama safu ya undugu. Alitegemea, hakujua kwa nini, kukuta neno zuri.

"Umeandika zamu," alisema.

"Ni zamu. Mi siandiki uongo kwenye karatasi." Wafa alikuwa anakata ndimu. "We uliandika mjomba."

Sijaona aliweka kashe kwenye wino. Duara lilitoka limeegemea upande, lakini lilisomeka. Alipuliza ukurasa ukauke. Alikuwa na maneno aliyoyatengeneza tangu siku ya lori, na sasa alipoyatafuta alikuta yote yalikuwa ya kampanye. Alikifunga kisanduku.

"Basi," alisema. "Imekwisha. Mi nakwenda."

Hakuna aliyemzuia. Wafa alikaa mkekani, akajivutia sahani, mgongo umeelekea mlango. Sijaona alikuwa amekwisha kufika kwenye pazia aliposikia mkeka unasogezwa, na birika la kunawia linaburutwa sakafuni.

"Mama Lubna," alisema Muzee Ildephonse. Alikuwa amejibana ukutani, nafasi ya mtu mmoja imebaki wazi kando yake. "Tulikuwa hatujaanza. Karibu ule."